Kabla ya Kuzima Sistimu ya Zamani

Msikilizaji, bila shaka unazikumbuka zile tarakimu 60. Ilikuwa mwaka 2024. Unanunua tokeni za stima kama kawaida, ujumbe unaingia, na badala ya namba moja zimekuja tatu, kila moja ina tarakimu 20. Mbili za kwanza ni za kurekebisha mita, ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Pale ufuoni Dunga, hapa Kisumu, penye friza za samaki, mmoja anasoma kwenye simu, mwenzake anabonyeza, na ole wao wakiruka tarakimu moja.

Aliyekwambia ule ulikuwa ujanja wa kukuuzia kitu alikupotosha. Kila tokeni ya wakati huo ilibeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo haizidi dakika 16,777,216. Piga hesabu, utaona ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita yoyote ya aina hiyo, popote duniani, ambayo haikurekebishwa kufikia siku hiyo ingekataa tokeni mpya.

Hapa Kisumu hatuna mazoea ya kuisifu kampuni ya umeme, Kenya Power, lakini mpango wake huu ulikuwa na akili. Mita zilirekebishwa moja moja, kazi ikaanza miezi kabla ya siku yenyewe. Yako ikigoma, ya jirani inaendelea. Hata aliyechelewa hakunyang'anywa yuniti alizokuwa nazo. Taa ziliwaka mpaka ziishe, naye akapata muda wa kutafuta msaada. Kosa likitokea, lilibaki ndani ya nyumba moja.

Sasa linganisha na Jumanne ya tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo. NHIF, bima ya afya ya taifa tuliyoizoea tangu 1966, iliondoka, na SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii, ikaingia siku hiyohiyo nchi nzima, kuanzia hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakaazi wa Kisumu bado wanaiita Russia, hadi vituo vya afya vya visiwani. Siku za mwanzo hospitali nyingi nchini zililalamika kwamba mfumo haufunguki, au unafunguka lakini haumtambui mgonjwa. Wagonjwa wa saratani na wa figo wakaambiwa watoe pesa mfukoni. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na NHIF ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kila mara. Mwambie mtu huyo sistimu itarudi Ijumaa. Kufikia Ijumaa ameshakosa zamu.

Lawama ziliwaangukia mafundi wa kompyuta. Mimi nadhani kosa lilianzia juu zaidi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ndiyo iliyoifuta ile ya NHIF. Hebu fikiria fundi jasiri anayesema usiku ule, jamani, turudi kwenye sistimu ya zamani kwa wiki mbili tuinyooshe hii. Angerudi wapi? Kwa shirika ambalo sheria imeshaagiza livunjwe? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mbachao ulikuwa umeshakunjwa na Bunge lenyewe. Waheshimiwa wanaotunga sheria za kubadilisha mifumo waelewe kwamba tarehe wanayoiandika kwenye kifungu ndiyo inayompa fundi, au kumnyima, nafasi ya kurudi nyuma.

Nayasema haya kwa sababu ofisi zetu huku ziwani hazijamaliza kubadilisha sistimu. Leo ni ada za soko, kesho ni matokeo ya chuo, keshokutwa ni mikopo ya chama cha akiba. Mikutano hujaa mazungumzo ya bei na mafunzo. Maswali mawili ya maana hayaulizwi, na wala si ya fundi kuyajibu. Tunaweza kukaa saa ngapi bila sistimu? Na ikirudi, tuko tayari kupoteza kumbukumbu za saa ngapi? Chama cha akiba kinaweza kuvumilia siku nzima. Wodi ya figo haiwezi. Ukishajibu hayo ndipo utajua kama sistimu ya zamani iachwe ikiwaka pembeni mwezi mzima, kama nakala ya akiba ichukuliwe kila usiku au kila robo saa, na ni pesa ngapi zitengwe.

Kisha kuna kitabu. Naam, kitabu cha karatasi, kile cha jalada gumu kilichopigwa mistari kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, saa, huduma, kiasi, sahihi. Sistimu ikilala, karani anaandika humo. Hadi hapo kila ofisi inajua. Kinachosahauliwa ni siku ya pili yake. Nani ataketi aingize kurasa zote hizo kwenye kompyuta, kwa tarehe zake za kweli, ilhali foleni ya leo imeshafika mlangoni? Asipotajwa mapema, na asipolipwa saa za ziada, kitabu kinalala kwenye droo, na baada ya miezi mitatu mwananchi mwenye risiti anaambiwa hakulipa.

Na hiyo nakala ya akiba ikae wapi? Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, Ziwa Victoria likaipita rekodi ya 1964, na watu wa ufuoni wakahama makwao. Seva ikiwa orofa ya chini na nakala yake chumba cha pili, zitaloa pamoja. Wakorea Kusini, wenye teknolojia ya kutukopesha sisi sote, walipata hasara ya namna hiyo kwa moto. Tarehe 26 Septemba 2025, mjini Daejeon, mafundi walikuwa wakihamisha betri katika kituo cha data cha serikali, ili zikae mbali na seva kwa ajili ya usalama. Moto ukazuka, mifumo 709 ikazimika. Hifadhi moja ya nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858, haikuwa na nakala mahali pengine popote. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Hata nakala ikiwepo, haitoshi mpaka ijaribiwe, kama jenereta. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipopotea sehemu kubwa ya nchi, uwanja wa ndege wa JKIA ulikuwa na majenereta, lakini la sehemu moja ya uwanja lilikataa kuwaka, abiria wakabaki gizani. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa kwenye mashine tupu ikafunguka, usiihesabu.

La umiliki nalipitia haraka tu. Mfumo wa SHA una mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 104, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya 2025 ilisema serikali haiumiliki wala kuudhibiti. Anayekodi mfumo aulize kabla ya kutia sahihi: tukikosana, data yetu inatoka vipi, na inatoka baada ya siku ngapi?

Kaunti ya Kisumu au hospitali ikitangaza sistimu mpya, sisi wanahabari hukimbilia kuuliza imegharimu ngapi. Wenzangu, tuongeze mengine. Inawashwa siku gani, na je, ni mwisho wa mwezi wakati kila mtu anataka mshahara? Mazoezi ya kurudi kwenye ya zamani yalifanywa lini, na yalichukua saa ngapi? Na mambo yakiharibika saa nane za usiku, ni nani aliye hapa mjini mwenye mamlaka ya kusema turudi, bila kungoja simu kutoka Nairobi? Akitajwa, tumwalike hapa studioni kabla ya tarehe hiyo, wasikilizaji wamuulize wenyewe.