Kuacha Sigara Huanza kwa Kuchagua Siku



Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 21, na kuuza sigara moja moja. Lakini polisi hawezi kumwachisha mtu sigara. Kazi hiyo ni ya mvutaji na jamaa zake.

Anayetaka kuacha achague siku, aitangaze nyumbani, na usiku wa kuamkia siku hiyo atupe sigara zote na kiberiti cha mfukoni. Hamu ikimshika, anywe maji, atembee. Hamu kali hupungua baada ya dakika chache. Fedha ya sigara aiweke katika kopo, watoto waione ikiongezeka. Hasira na kukosa usingizi siku za kwanza ni mwili unaoizoea hali ya kukosa nikotini; jamaa wamvumilie. Akiteleza, aanze tena. Akishindwa peke yake, aende kituo cha afya. Ikilazimu, ataelekezwa hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Nanyi wenye maduka, kijana akiomba sigara moja, mnyimeni. Asiyeanza leo hatakuwa na la kuacha kesho.