Jua la Uwanjani na Mtoto Wako

  

Januari hadi Machi ni miezi ya jua kali hapa Tongaren, na ndipo riadha za shule huanza. Tunatoka na watoto kwenda kushangilia, iwe ni Naitiri, Ndalu au uwanja wa Masinde Muliro kule Kanduyi. Viwanja vingi vya shule zetu havina paa.

Mwili hujipoza kwa kutoa jasho. Maji yakipungua mwilini, jasho hupungua na joto hupanda. Mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko mtu mzima, naye hawezi kukueleza. Yule uliyemfunga mgongoni kwa leso na kumfunika shali hupata joto la jua pamoja na la mwili wako.

Basi fanya hivi. Keti chini ya mti, au beba mwavuli. Mvike mtoto kofia na nguo nyepesi ya pamba. Mfungue mgongoni mara kwa mara apate hewa. Beba maji safi yaliyochemshwa, mnywe hata kabla ya kiu. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji; mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe unywe ya kutosha.

Akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mpeleke kivulini, mpunguzie nguo, mpe maji kidogo kidogo.

Lakini akichanganyikiwa, akizimia au akishikwa na degedege huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagie maji mwili mzima na kumpepea huku mwenzako akitafuta gari. Usimnyweshe kitu asiyejitambua.

Wengi wetu mwili ukiwa moto husema ni malaria, tukampa dawa ya homa na kumfunika blanketi. Mama, dawa ya homa haishushi joto lililoletwa na jua, na blanketi hulizidisha. Mpoze kwanza, kisha mfike hospitali bila kukawia. Malaria atapimwa huko huko.

Shangilieni, lakini kivulini. Hadi tutakapokutana tena, kwaheri.