Baragumu Lilipigwa Siku ya Upatanisho

Hotuba iliyosomwa na viongozi wa kwaya kwa niaba ya wanakwaya wote, katika ibada ya shukrani ya Yubile ya miaka 50

 

Tumepewa dakika chache kabla ya wimbo wa mwisho, nasi tumekubaliana tusizitumie kujisifu. Mengine mtayasoma katika kijitabu hiki: safari, mashindano, majina ya walimu wetu na ya wenzetu waliolala katika Bwana. Hapa tungependa kusimulia jinsi Mungu alivyotuokoa sisi wenyewe, waimbaji, na adui aliyekuwa amekaa kwenye benchi letu.

Tuanze na neno lenyewe, yubile. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa wahesabu miaka saba mara saba, yaani 49, kisha mwaka wa 50 wautakase. Mtumwa arudi kwao. Aliyeuza shamba la baba yake kwa sababu ya dhiki arudishiwe. Habari hiyo ilitangazwa kwa baragumu, pembe la kondoo dume. Kwa hiyo yubile ilianza kwa sauti, na sisi watu wa sauti tulifurahi tuliposoma hivyo.

Lakini mwalimu wetu alituuliza swali: baragumu hilo lilipigwa siku gani? Tukarudi kusoma. Lilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, na hiyo ndiyo Siku ya Upatanisho. Kabla mtu hajarudishiwa shamba, dhambi zilikuwa zimeletwa mbele za Mungu. Upatanisho ulitangulia, baragumu likafuata. Nasi tukatazamana, maana kila mmoja alikuwa na jambo moyoni.

Ndugu zetu, tunapoimba kuhusu vita dhidi ya shetani, ni rahisi kudhani kwamba vita hivyo viko mbali, kwa waganga, kwa walevi, kwa watu wasioingia kanisani. Wahenga walijua zaidi. Walisema kikulacho ki nguoni mwako. Majoho yetu haya mnayoyaona yamefuliwa na kupigwa pasi, lakini joho haliwezi kumzuia adui aliye ndani yake.

Mara mbili tumeuona ukweli huo kwa macho yetu.

Mara ya kwanza ni baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi yetu, na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa makwao. Kwaya yetu ina watu wa makabila mbalimbali. Hakuna mwanakwaya aliyeshika panga, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tuliporudi mazoezini tulikuta sauti ya pili imeketi katika makundi mawili. Tuliimba juu ya upendo tukiwa tumepeana migongo. Baadhi yetu walikuwa wamepokea maneno ya chuki kwenye simu na kuyasambaza, kisha Jumapili wakasimama mbele kuongoza sifa. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, viongozi wakashikana mikono. Hapa kwetu iliwabidi akina mama watatu wazee, waliolelewa katika ushirika wa Uamsho, watufungie mlango wa ukumbi na kusema hakuna atakayeimba mpaka tutembee nuruni. Mnajua maana ya maneno hayo katika Uamsho: uitaje dhambi yako mwenyewe, wala usiitaje ya jirani. Tulikaa humo mpaka giza likaingia. Wengine walilia. Tuliporudia wimbo, hata aliyekuwa anapita njiani angejua kuna kitu kimebadilika.

Mara ya pili ilituuma zaidi, kwa sababu ilimhusu mtu mmoja tunayempenda. Yeye mwenyewe ametuomba tuisimulie leo, ila tusitaje jina lake.

Tulikuwa tunachanga pesa za kununua kinanda. Tuliimba kwenye arusi, tukauza chai na mandazi baada ya ibada, watoto wakaleta shilingi kumi kumi. Miaka miwili. Jioni ya siku tuliyopanga kwenda dukani, mweka hazina wetu alisimama, akashika kiti, akasema pesa hazipo. Alikuwa amezicheza kamari ya mpira kwa simu. Alianza na shilingi hamsini zake mwenyewe. Akashinda mara moja, akadhani amepata njia. Akapoteza, akakopa kwa simu ili arudishe, akapoteza na huo mkopo, kisha akagusa fedha za kwaya kwa nia ya kuzirudisha Jumamosi inayofuata. Jumamosi hiyo haikufika kamwe.

Tuliwaka hasira. Wengine walisema aitwe polisi. Wengine walisema afukuzwe na jina lake lisomwe kanisani. Dada mmoja aliuliza, kwa sauti ndogo, "Ni nani kati yetu aliyemwuliza mbona siku hizi hakai chai?" Hakuna aliyejibu. Wote tulikuwa tumemwona. Alikuwa amekonda, simu haitoki mkononi, anaondoka kabla ya sala ya kufunga. Tulimwona, tukaendelea kupanga sauti.

Usiku ule mchungaji wetu hakutuhubiria sana. Alitufungulia 2 Mambo ya Nyakati, sura ya 20. Sisi wanakwaya tunaipenda sura hiyo, kwa kuwa mfalme Yehoshafati aliwaweka waimbaji watangulie mbele ya jeshi, na Bwana akawashinda adui. Tumeitumia mara nyingi kujipa cheo. Lakini mchungaji alitutaka tuisome kuanzia juu. Kabla ya waimbaji kusimama, mfalme aliogopa, watu wote wakafunga, wakakusanyika pamoja na wake zao na watoto wao. Mfalme akakiri mbele za Mungu kwamba hawana nguvu wala hawajui la kufanya, ila wanamtazama yeye tu. Ndipo Roho wa Bwana akamjia Yahazieli, Mlawi wa wana wa Asafu, yaani mtu wa ukoo wa waimbaji, akawaambia vita hivyo ni vya Mungu. Wakaamini, na kesho yake wakaimba.

Mnaona mpangilio wake? Nyimbo hazikuwa uchawi wa kumfukuza Mmoabi na Mwamoni. Walioimba walikuwa watu waliokwisha kukiri udhaifu wao na kupokea ahadi. Waliimba kabla ya kuona ushindi, kwa sababu walimwamini aliyeahidi. Sisi tulikuwa tumeruka sehemu ya kwanza kwa miaka mingi. Tulikuwa waimbaji hodari wa watu wasiokiri.

Basi tulifunga siku moja, kisha tukakutana tena. Tuliamua mambo matatu. La kwanza, ndugu yetu aliachishwa kazi ya hazina, na hesabu ikaanza kusomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Kumsamehe mtu si kumwachia mkoba unaomnasa. La pili, alirudisha deni kidogo kidogo kadiri alivyoweza, na ilimchukua miaka mitatu kulimaliza. La tatu, nafasi yake katika besi haikuguswa. Hilo la tatu ndilo lililoleta ubishi mkubwa. Mwenzetu mmoja alisema hawezi kusimama karibu na mwizi, akaondoka, na mpaka leo hajarudi. Tulimpelekea kadi ya mwaliko wa yubile hii. Kama yuko humu ndani, tunamwambia: ndugu, kiti chako kipo. Huenda tulikujibu kwa kiburi, na kwa hilo tunaomba msamaha.

Msidhani mambo yalinyooka siku moja. Usiku mmoja, saa tano, ndugu yetu alimpigia simu mama mmoja wa sauti ya pili. Mshahara ulikuwa umeingia, na kidole chake, alisema, kilikuwa kinatetemeka juu ya simu. Mama huyo na mzee wake walivaa makoti, wakaenda. Hawakumkemea. Waliketi naye wakaomba, wakanywa chai ya rangi, wakaimba polepole wasiamshe watoto, hata alfajiri. Tangu mwezi ule mke wake ndiye anayepokea mshahara. Miezi minne baadaye alianguka, akapoteza kiasi kidogo, na kesho yake akaja kusema mwenyewe kabla hajaulizwa. Siku hiyo tulijua kwamba Mungu anafanya kazi.

Na hapa ndipo tulipoyaelewa maneno ya mtume Paulo katika Waefeso, sura ya 6, kuhusu silaha za Mungu. Paulo aliyaandika akiwa mfungwa, na katika kifungo hakukosa kuona askari kila siku. Tangu Shule ya Jumapili tulijifunza kuzitaja kwa vidole: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo, upanga. Lakini someni Isaya sura ya 59. Humo Bwana anatazama na kuona hakuna mtu wa kuingilia kati, na mkono wake mwenyewe unaleta wokovu. Anavaa haki kama dirii, na chapeo cha wokovu kichwani mwake. Ni yeye anayevaa! Silaha anazotupa Paulo Mungu alizivaa kwanza. Mungu hakutuuzia silaha, wala hakutuagiza tukazitafute. Ametuvisha nguo zake mwenyewe, kama baba anavyovua koti lake kwenye baridi akamfunika mtoto. Na Kristo alipotundikwa msalabani alivuliwa nguo zake, askari wakazipigia kura, ili sisi tuvikwe. Huo ndio upendo uokoao, kwamba alishuka mwenyewe uwanjani tulipokuwa tumekwisha kushindwa.

Tulipokwenda Mombasa kwa ziara ya kwaya, tulisimama Kengeleni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, mahali palipopewa jina kwa sababu ya kengele ya Freretown. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji cha Freretown mwaka wa 1875, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Tulifikiri sana pale. Mtu aliyefunguliwa mnyororo hakujikuta nyumbani siku ileile. Wengi hawakuwa na njia ya kurudi kwao tena. Ilibidi wajenge nyumba, walime, wajifunze kazi, wajifunze kuaminiana na watu wa makabila yasiyo yao. Kuokolewa ni siku moja, na kukaa katika uhuru ni maisha yote, pamoja na wengine. Ndiyo maana Mungu hakutuokoa mmoja mmoja na kutuacha mmoja mmoja. Ametupa kanisa. Ametupa mtu wa kupigiwa simu saa tano usiku.

Vijana wetu, hili tunawaambia ninyi hasa. Adui wa wazazi wenu alikuja na mnyororo au na panga, na kila mtu akamwona. Wenu anakuja ndani ya simu, kimya, anawaita washindi. Msipigane naye peke yenu gizani. Semeni mapema, semeni kwa mtu. Nasi wakubwa tunaahidi mbele za Mungu kwamba mkija kutuambia, hatutawageuza kuwa habari ya matanga na harusi.

Tunawashukuru wote mliotubeba kwa miaka hii 50. Mchungaji na wazee wa kanisa, asanteni kwa kuturudi na kwa kutuvumilia. Wake kwa waume wa wanakwaya, mliokula chakula kilichopoa kwa sababu ya mazoezi yetu, Mungu awalipe. Akina mama watatu wa Uamsho, wawili wenu mmekwenda mbele, na mmoja ameketi hapa safu ya kwanza. Mama, mlango ulioufunga ulitufungulia mengi.

Sasa tutaimba. Kinanda mnachokiona kilinunuliwa mwishowe, kwa pesa zilizosomwa mbele ya wote. Lakini miaka ile mitatu tuliimba kwa kayamba na kwa sauti tupu, tukajifunza kusikilizana kuliko tulivyowahi. Kwa hiyo wimbo wa leo tutauanza bila kinanda. Atakayetoa sauti ya kuanzia ni ndugu yetu wa besi. Tulimwuliza kama angependelea mwingine aanze. Akasema, "Hapana. Baragumu lipigwe."

Bwana aliyetuokoa na atulinde, atuvike mavazi yake, na kutufikisha wote nyumbani, tukiwa pamoja. Bwana asifiwe! Amina.