KUBEBA MGONJWA KWA MIAKA
Maneno ya katekista katika siku ya wagonjwa, wakati wa Yubile ya parokia



Katika furaha ya Yubile tumeombwa tuseme juu ya wale wasioweza kuja kuimba pamoja nasi: ndugu zetu waliopigwa na kiharusi, ambacho hapa Lubumbashi twakiita AVC. Hatutasema juu ya siku ya kuanguka, bali juu ya miaka inayofuata.

Injili ya Marko yasimulia watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakatoboa paa, wakamshusha mbele ya Yezu. Kazi yao ilikwisha siku ile ile. Sisi twaombwa kubeba miaka mitano, kumi, na zaidi. Na hapo ndipo penye kosa letu.

Tuungame. Katika jumuia yetu ya Katuba baba mmoja alianguka asubuhi. Mkono na mguu wa kuume vikalegea, ulimi ukafungwa. Juma la kwanza nyumba ilijaa: tulileta unga wa bukari, makala na sala. Mwezi wa tatu tulifika wawili tu. Baada ya mwaka tulipita mlangoni pake tukienda Misa, tukimsalimu mkewe, kana kwamba yeye hayupo. Wengine walinong'ona juu ya ulozi. Mama peke yake alimwinua, akamwosha, kisha akaenda sokoni kuuza ili wapate kula.

Jioni moja mama huyo alituita kusali kwake. Tulianza Baba Yetu. Na tazama, yule asiyeweza kutaja hata jina la mkewe alisali pamoja nasi hadi Amina. Tuliona haya. Baadaye muganga alitueleza: upande wa kushoto wa ubongo ukikosa damu, maneno hupotea mara nyingi, lakini ufahamu waweza kubaki, na sala au nyimbo za tangu utoto mara nyingi hutoka bado.

Basi tulijifunza mambo matatu. Kwanza, kumwuliza swali la ndiyo au hapana, kisha kungoja, bila kujibu mahali pake. Pili, kumpa kazi: siku hizi yeye ndiye aanzaye wimbo katika jumuia. Tatu, kumpumzisha mama: kila Alhamisi wababa wawili humtembeza mgonjwa polepole, naye mama hupata kulala kidogo. Na sisi wenyewe twapimisha nguvu ya damu na kupunguza chumvi, kwani damu iliyopanda mno ndiyo sababu kubwa ya ugonjwa huu, si ulozi.

Tusidhani maisha ya mgonjwa yamekwisha. Louis Pasteur wa Ufaransa alipigwa na kiharusi mwaka 1868, akiwa na miaka 45, na upande wake wa kushoto haukupona kabisa. Lakini ni mwaka 1885, miaka 17 baadaye, mtoto alipodungwa chanjo yake ya kichaa cha mbwa, akaokoka.

Mapadri wetu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wenye kukata roho tu. Twawaomba mfike katika nyumba hizi. Nasi, ngoma za Yubile zikinyamaza, tusipite tena mlangoni bila kuingia.