Kuacha Chuo Hakufuti Deni la Ada



Leo twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linalowaelemea wazazi wengi kimya kimya: deni la ada linalobaki kijana anapoacha chuo. Vijana huacha masomo kwa sababu nyingi: ugonjwa, mimba, kifo cha mlezi, au ukosefu wa fedha. Hatuko hapa kuwahukumu. Lakini wengi huondoka bila kuaga, wakidhani kwamba asiyeonekana darasani hadaiwi.

Kujisajili chuoni ni kufanya mapatano. Chuo humtengea mwanafunzi nafasi, walimu, na mara nyingi kitanda bwenini. Tuchukue mfano wa ada ya shilingi 600,000 kwa muhula. Kijana amelipa 300,000, kisha akaondoka katikati ya muhula bila barua. Jina lake lingali daftarini, na chuo chaweza kumdai nusu iliyobaki. Baadaye akiomba matokeo yake ili ahamie kwingine, huenda akaambiwa alipe kwanza.

Wanaosomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, wajue kwamba fedha zilizokwisha kutolewa hurejeshwa hata na asiyehitimu. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, lakini mkopo wenyewe haukufutwa.

Je, haki yamdai mwanafunzi peke yake? Hapana. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kuhusu ujira kwamba mapatano ya watu wawili hayatoshi. Iko haki ya maumbile iliyo juu yake. Vivyo hivyo, chuo kinachodai ada kina wajibu wa kueleza masharti ya kurudisha fedha kabla ya kuzipokea, na kumsikiliza aliyeondolewa na maradhi au msiba.

Kwa hiyo twawasihi:

1. Wazazi na vijana wasome masharti ya ada kabla ya kulipa, wakiuliza: tukiondoka katika juma la pili, au la kumi, tutadaiwa kiasi gani?

2. Anayelazimika kuondoka aulize kwanza kama aweza kuahirisha masomo. Kuahirisha huweza kumhifadhia nafasi, kuacha huifunga.

3. Aandike barua yenye tarehe, abaki na nakala iliyogongwa mhuri, arudishe vitabu na funguo, na aiarifu Bodi kama ana mkopo. Fedha ikiendelea kuingia kwa jina lake, asiitumie.

4. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wamsindikize kijana huyo hadi ofisi ya mhasibu kuomba kulipa kidogo kidogo. Aibu ndiyo inayowafanya wengi watoroke; tusiwaongezee.

Injili ya Luka yatukumbusha mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Hesabu hiyo yafaa siku ya kuingia chuoni, na siku ya kutoka pia.

Mungu awabariki.