Uchache wa Utafiti Si Aibu

Leo twasema na kijana aliyeketi mbele ya fomu ya kuomba masomo ya juu, nafasi igombaniwayo na wengi, akafika penye swali la utafiti aliowahi kuufanya, mkono ukasita, kwa kuwa alichonacho ni wiki mbili tu za kujaza madodoso kwa wakulima wa alizeti.

Ewe kijana wetu, wiki hizo ziandike kama zilivyokuwa: uliuliza nini, ulihesabu nini, ulikosea wapi na kosa hilo likakufunza nini, wala usijiite mtafiti mkuu ilhali ulikuwa msaidizi, maana watakaokusaili ni watu wa ilimu, na swali lao la pili litakufedhehesha.

Mkumbuke Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, ambaye mwaka 1963 aliona maziwa ya aiskrimu yaliyotiwa kwenye friza yangali moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Shahada hakuwa nayo, ila alisema alichokiona, akalishikilia swali lake ijapokuwa alichekwa, hata mwaka 1969 akalichapisha pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam.

Basi elimu ni amana. Andika hicho kidogo ulichonacho, kwa ukamilifu na kwa ukweli, kisha utie saini kwa mkono usiotetemeka.