Ndama Akivunjika Mguu

Ndama wengi huvunjika mguu siku ile ile ya kuzaliwa, tunapowavuta kwa nguvu kwa kamba. Ukiona mguu unaning'inia, tafadhali usikimbilie kumchinja. Mfupa wa ndama huunga upesi, mara nyingi wiki 4 hadi 6.

Mlaze pakavu. Zungushia pamba au kitambaa laini, kisha ufunge banzi. Hata bomba la plastiki lililopasuliwa katikati linafaa. Banzi lishike kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Usikaze mno, kwato lisipoe.

Paja halifungiki kwa banzi: hapo daktari wa mifugo hupasua na kuweka chuma. Mfupa ukitoboa ngozi, funika kidonda kwa kitambaa safi, mwite saa hiyo hiyo.